Maswali ya Wasomaji: Mapenzi ya Hiari Ndani ya Gemu za Kuigiza Uhusika

Barua za safari hii zinahusu jambo ambalo wapenzi wa gemu za kuigiza uhusika hawachoki kulibishania: visa vya mapenzi vya hiari, yaani vile ambavyo mchezaji anaweza kuvifuata hadi mwisho au kuvipita kando bila kuizuia hadithi kuu kusonga mbele. Barua nimezifupisha, na pale ambapo watu kadhaa waliuliza kitu kimoja nimechapisha iliyouliza kwa uwazi zaidi. Asiyependa kusimuliwa mapema yaliyomo katika hadithi asome kwa tahadhari, kwa kuwa majibu yanataja mambo yanayotokea mbali ndani ya gemu hizo.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninapocheza huwa napenda kuwasikiliza wahusika ninaosafiri nao na kuwajibu kwa upole wanaponieleza shida zao. Zaidi ya mara moja mhusika niliyemfariji tu amenitangazia mapenzi, na nilipomkatalia akawa kama mtu niliyemsaliti. Kwa nini gemu hazitofautishi wema na utongozaji?

JIBU: Hazitofautishi kwa sababu ndani ya programu vitu hivyo viwili mara nyingi ni hesabu ileile. Gemu nyingi za aina hii humpa kila mhusika namba, ya wazi au ya kificho, inayopanda mchezaji anapofanya jambo linalompendeza na kushuka anapomuudhi. Katika Dragon Age: Origins ya mwaka 2009, namba hiyo huanzia 100 chini ya sifuri hadi 100 juu yake, na hupandishwa kwa mazungumzo, kwa maamuzi yanayofanyika ndani ya hadithi na hata kwa zawadi ambazo mchezaji ameziokota njiani. Namba ikivuka kiwango kilichowekwa, njia ya mapenzi hufunguka. Programu haiwezi kujua kama ulimpa mtu pole kwa sababu ya utu au kwa sababu ulimtamani. Kinachoonekana kwake ni namba iliyopanda.

Mbinu hii ina umri mkubwa. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilikuwa ikihesabu kwa siri majibu ambayo mchezaji aliwapa wenzake, na hesabu hiyo ndiyo iliyoamua ni nani angekuja kumwalika matembezi ya usiku katika uwanja wa burudani wa Gold Saucer: Aerith, Tifa, Yuffie, au hata Barret, pande la mtu ambalo hakuna aliyelitarajia mlangoni saa hizo. Pale waandishi waliugeuza ujinga wa mchezaji kuwa kichekesho, na wakafanikiwa. Kero huanza pale hesabu inapolazimisha jambo zito. Katika Persona 3 ya mwaka 2006, mhusika mkuu aliyetaka kukamilisha urafiki wake na msichana wa rika lake shuleni alijikuta amekuwa mpenzi wake, hata kama alichotaka ni nguvu za ziada za vitani zinazotokana na uhusiano huo. Toleo jipya la gemu hiyo, Persona 3 Reload la mwaka 2024, lilimpa mchezaji nafasi ya kubaki rafiki tu, nami nadhani marekebisho hayo yalichelewa mno.

Hitilafu ndogo katika hesabu hizi inaweza kumharibu mhusika mzima. Baldur's Gate 3 ilipotoka Agosti 2023, wachezaji wengi walishangaa jinsi mchawi Gale alivyokuwa akiwasogelea kwa pupa, na kiongozi wa studio ya Larian alieleza hadharani kwamba kiwango cha namba kilichotakiwa kilikuwa chini kuliko ilivyokusudiwa. Kikarekebishwa. Lakini kwa waliocheza wiki zile za mwanzo, mtu aliyeandikwa kuwa msomi mpweke mwenye majuto alionekana kuwa msumbufu.

Tiba inayojulikana zaidi ni kuweka alama. Dragon Age II ya mwaka 2011 iliweka picha ya moyo kando ya kila jibu la kimapenzi, ili anayelichagua awe amelichagua kwa makusudi. Wapo wanaosema alama hiyo huua msisimko, kwa kuwa mapenzi yasiyo na mashaka si mapenzi. Sikubaliani nao kikamilifu. Mashaka yanayostahili kubaki ni kuhusu jibu la mwenzako. Mashaka kuhusu maneno uliyoyatamka wewe mwenyewe hayana faida yoyote. Alama ya moyo inaharibu jambo pale tu inapokuwa ahadi, yaani pale ambapo kila moyo unaobonyezwa hupokewa kwa tabasamu.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilihangaika sana kumpata mwenzi ndani ya gemu, lakini tulipooana aliacha kuwa mtu. Sasa anarudia sentensi chache zilezile kila asubuhi na kuniulizia chakula. Je, waandishi huishiwa, au wanaamini kuwa ndoa ndiyo mwisho wa hadithi?

JIBU: Kuna ukweli katika yote mawili, na suala la fedha liko nyuma yake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni The Elder Scrolls V: Skyrim ya mwaka 2011. Mchezaji huvaa kidani cha Mara, mungu wa kike wa mapenzi, huzungumza na mtu ambaye tayari amemtendea hisani, na baada ya mazungumzo mafupi kupita kiasi wanafunga ndoa katika hekalu la Mara mjini Riften. Baada ya hapo mwenzi huyo hufungua duka na kumpa mchezaji vipande 100 vya dhahabu kwa siku, humpikia chakula, na kulala naye nyumba moja humfanya mchezaji ajifunze stadi kwa kasi iliyoongezeka kwa asilimia 15 kwa muda wa saa nane. Ukiyapanga mafao hayo kwa utaratibu huo, unaona kwamba aliyeolewa si mtu. Ni kitega uchumi chenye jina. Sisemi hivyo kwa kejeli, kwa maana gemu ile haikudai kuwa hadithi ya mapenzi: ilitaka kuujaza ulimwengu wake mkubwa na mambo ya kufanya, na ndoa ikawa mojawapo.

Stardew Valley ya mwaka 2016 ilijitahidi zaidi, na hilo linapendeza ukikumbuka kuwa iliundwa na mtu mmoja, Eric Barone. Mchezaji hupeleka zawadi zisizozidi mbili kwa wiki, mioyo hujaa pole pole, na kila baada ya hatua fulani hutokea tukio linalofunua jambo fulani kuhusu mhusika: hofu yake, ugomvi wake na wazazi, ndoto aliyoificha. Mioyo minane ikitimia anaruhusiwa kumpa shada la maua, na kumi ikitimia anaweza kumposa. Matukio hayo ni mazuri. Hata hivyo mengi yamepangwa kabla ya harusi, na baada yake mwenzi husikika zaidi akitoa maoni kuhusu mvua na mazao. Malalamiko yako, msomaji, ni ya wengi.

Katika gemu zenye hadithi nzito zaidi, tatizo hilo hufichwa kwa ujanja wa saa. Mass Effect ya mwaka 2007 iliuweka usiku wa wapenzi kabla tu ya kufika sayari ya Ilos, na Mass Effect 2 ya mwaka 2010 ikafanya vivyo hivyo kabla ya safari ya mwisho. Penzi likifika kileleni saa chache kabla ya vita, mwandishi hana haja ya kueleza lilivyokuwa miezi miwili baadaye. Ni mbinu halali, kwa kuwa hofu ya kifo huwafungua watu midomo, lakini ikirudiwa sana mchezaji huanza kuyaona mapenzi kama zawadi ya kumaliza gemu. Ajabu ni kwamba studio iliyotengeneza gemu hizo, BioWare, ilikuwa imeshajaribu njia nyingine. Penzi la mchezaji na Aerie, mmoja wa wasafiri wenzake, lililoanza katika Baldur's Gate II ya mwaka 2000 liliendelea katika Throne of Bhaal ya mwaka 2001, ambamo wapenzi hao waliweza kupata mtoto katikati ya vita, kukiwa na hofu na usumbufu wote unaotokana na jambo hilo.

Nikiulizwa ni kitu gani kinachoyaokoa mapenzi haya yasife baada ya kukubaliwa, nitasema ni kuyaunganisha na hadithi kuu kwa namna inayouma. Chukua Alistair wa Dragon Age: Origins. Mchezaji wa kike aliyempenda anaweza kumsaidia kukalia kiti cha ufalme, lakini kama mhusika wa mchezaji huyo hatokani na ukoo wa kibinadamu wenye cheo, Alistair anaweza kumwacha, kwa kuwa mfalme anatakiwa kuwa na malkia ambaye wakuu wa nchi watamkubali. Hapo uamuzi wa kisiasa na uamuzi wa moyo ni kitu kimoja, na mchezaji hawezi kulaumu namba. Anders wa Dragon Age II anafika mbali zaidi: humwomba mchezaji msaada kwa kisingizio cha uongo, kisha akalipua hekalu la mji, na aliyekuwa mpenzi wake hugundua pamoja na wengine wote kwamba alitumiwa. Naye Solas wa Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014 huuvunja uhusiano yeye mwenyewe, bila kosa lolote la mchezaji, kwa sababu ana siri ambayo hadithi nzima inaielekea. Wachezaji walikasirika, wakalia, na miaka kumi baadaye bado walikuwa wakimzungumzia. Mwenzi anayekupikia kila siku hajawahi kuzungumziwa hivyo.

SWALI: Katika baadhi ya gemu kila mhusika anaweza kupendana na mchezaji wa jinsia yoyote, na katika nyingine wapo wanaomkataa mchezaji kwa sababu ya jinsia au hata asili ya mhusika wake. Je, ni utaratibu upi ulio bora?

JIBU: Swali hili limegawanya hata michezo ya mfululizo mmoja. Dragon Age II iliwaacha wenzi wake wanne wakuu wazi kwa kila mchezaji. Inquisition, miaka mitatu tu baadaye, ikageuka: Dorian humpenda mwanamume pekee, Sera mwanamke pekee, Cassandra mwanamume pekee, Solas mwanamke wa jamii ya Elf pekee, huku Josephine na Iron Bull wakiwa wazi kwa wote. Dragon Age: The Veilguard ya mwaka 2024 ikarudi kwenye utaratibu wa kwanza kwa wenzi wake wote saba. Watu wenye uzoefu mkubwa wa jambo hili wamebadili msimamo kila walipokaa kuandika upya, na hilo peke yake linaonyesha kuwa hakuna jibu moja.

Hoja ya wanaotaka milango yote iwe wazi ni ya haki na ya hesabu kwa pamoja. Kuandika penzi moja kamili kunahitaji kurasa nyingi za mazungumzo, waigizaji wa sauti, mwendo wa miili na nyuso, na tafsiri kwa kila lugha ambayo gemu itauzwa. Kisha sehemu kubwa ya wanunuzi hawatalifikia kabisa. Milango ikifungwa, mara nyingi kundi fulani la wachezaji hubaki na chaguo moja au bila chaguo. Katika Baldur's Gate II mchezaji wa kiume alikuwa na wahusika watatu wa kuwapenda, na wa kike alikuwa na Anomen peke yake. Aliyechoshwa na majigambo ya Anomen alimaliza safari akiwa mseja.

Hoja ya upande wa pili ni kwamba mhusika anayemkubali yeyote anayesimama mbele yake huanza kuonekana kama aliyeumbwa kwa ajili ya mchezaji, asiye na nafsi yake. Dorian ndiye shahidi wao mkuu. Kisa chake binafsi kinahusu baba aliyetaka kutumia uchawi wa damu kumbadilisha mwanawe ili aoe kama familia ilivyotaka, na kisa hicho kisingekuwa na maana yoyote kama Dorian angeweza kumpenda mchezaji wa kike endapo angeombwa. Cyberpunk 2077 ya mwaka 2020 ilifuata njia hiyo: Judy hukubali penzi la mhusika wa kike tu, Panam la mhusika wa kiume tu.

Mimi naegemea upande wa mipaka, lakini kwa sharti. Mpaka uwe umetokana na mtu anayeandikwa, na anayekataliwa aandikiwe tukio la kukataliwa lenye heshima. Mwanamke anayemchombeza Cassandra hafungiwi mlango kimyakimya. Cassandra humweka kando na kumweleza kwa upole kwamba hisia hizo hana. Tukio hilo ni fupi, lakini lilinifanya nimheshimu mhusika yule kuliko baadhi ya wale wanaokubali. Mahali ambapo mwandishi hana sababu ya kuweka mpaka, na anaufunga mlango kwa mazoea tu au kwa kubana matumizi, ni afadhali auache wazi.

Baldur's Gate 3 imeonyesha njia ya tatu ambayo wabishi wa pande zote mbili huisahau. Wenzi wake wakuu wako wazi kwa kila jinsia, lakini kila mmoja ana masharti yake ya ndani. Astarion, aliyeishi karne mbili chini ya bwana aliyeutumia mwili wake kama chambo, humtongoza mchezaji mapema kwa sababu anataka ulinzi, na baadaye hukiri hivyo. Mchezaji anaweza kumwambia kuwa anamjali bila mambo ya kitandani, na uhusiano ukaendelea kwa mwendo mwingine. Hapo nafsi ya mhusika imelindwa bila kuuliza jinsia ya aliye mbele yake.

SWALI: Je, inawezekana kuwapenda wawili kwa wakati mmoja bila kukamatwa?

JIBU: Inawezekana mara chache, na waandishi hufurahia sana kukukamata. Katika The Witcher 3: Wild Hunt ya mwaka 2015, mhusika mkuu Geralt akiwaahidi penzi wachawi Triss na Yennefer, wanamwalika pamoja, wanamfunga pingu kitandani na kuondoka zao, mwisho wa hadithi anabaki peke yake. Persona 5 humleta mchezaji mbele ya wasichana wote aliowadanganya, msimu wa Siku ya Wapendanao. Katika Stardew Valley waliodanganywa humkabili mkosaji kwa pamoja, isipokuwa kama mkobani ana mguu wa sungura wa kumletea bahati. Baldur's Gate 3 ndiyo iliyo na uungwana zaidi: Halsin humtaka mchezaji azungumze kwanza na mwenzi aliye naye, na baadhi yao hukubali, wengine hukataa katakata. Kwa kifupi, uliza kabla.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwandishi mchanga, ninatayarisha gemu ndogo ya kuigiza uhusika pamoja na marafiki, na wenzangu wanasisitiza tuweke mapenzi kwa kuwa wachezaji wanayataka. Nahofia kuharibu hadithi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Kwanza, fahamu kwamba si lazima. Pillars of Eternity ya mwaka 2015 haikuwa na mapenzi na wenzi wa safari, na wala haikukosa mashabiki. Gemu yenye wahusika sita wanaopendeka na mapenzi sita dhaifu ni mbaya kuliko yenye wahusika haohao bila penzi lolote, kwa sababu penzi dhaifu humrudisha mhusika nyuma: mtu uliyemwamini anageuka kuwa orodha ya majibu sahihi.

Mkiamua kuweka, angalieni sana mnachomtoza asiyetaka. Gemu nyingi hutamka kuwa mapenzi ni ya hiari, kisha zikamwadhibu anayekataa. Mass Effect ilitoa tuzo maalumu kwa anayekamilisha kisa cha mapenzi, lakini haikuwa na tuzo ya namna hiyo kwa anayejenga urafiki wa dhati na askari mwenzake Garrus, ambao kwa maoni yangu ndio uhusiano ulioandikwa vizuri kuliko yote katika mfululizo ule. Katika Fire Emblem Awakening ya mwaka 2012, askari wakioana watoto wao huja kutoka siku zijazo kupigana vitani, kwa hiyo asiyewaozesha watu wake hupunguza jeshi lake mwenyewe. Hapo tena si hiari, ni mkakati. Mhusika akiwa na siri nzito kuhusu maisha yake, rafiki naye apate njia ya kuisikia. Mchezaji asilazimike kuwa mpenzi ili aambiwe jina la mama wa mtu.

Jifunze pia kutoka kwa gemu zilizothubutu kumruhusu mhusika aseme hapana. Katika Undertale ya mwaka 2015, Papyrus hufanya miadi na mchezaji kwa bidii na kwa kufuata kitabu cha maelekezo, kisha mwishowe ni yeye anayeomba radhi kwamba hana hisia za aina hiyo. Katika Hades ya mwaka 2020, mhusika mkuu Zagreus anaweza kumpelekea Dusa zawadi zote anazohitaji, na bado Dusa akachagua urafiki. Na tukio hilo limepewa uzito uleule wa yale ya Megaera na Thanatos, ambao wanaweza kuwa wapenzi wake. Mchezaji haoni kwamba amepoteza muda wake, kwa kuwa alichopata kimekamilika.

Kwa hiyo anza na mhusika mmoja, asizidi. Jiulize anataka nini kama mchezaji asingekuwapo kabisa, na ni jambo gani ambalo hawezi kulivumilia hata kwa mtu anayempenda. Kisha andika tukio la kukataliwa kabla ya tukio la kukubaliwa, mara mbili: mchezaji akimkataa yeye, na yeye akimkataa mchezaji. Wape wenzako wayasome bila kuwaambia mengine. Wakitaka kuendelea kusafiri na mtu huyo baada ya kuyasoma matukio hayo mawili, unaweza kuandika lile la tatu.